Kupata Matibabu ya Uraibu England Bila Malipo

Nchini England, matibabu ya uraibu wa pombe na dawa za kulevya hutolewa bila malipo kwa mkaazi wa nchi, na mwenye shida anaweza kuyaomba mwenyewe bila ya kupewa barua na daktari. Jambo hili halifahamiki vya kutosha katika nyumba zinazozungumza Kiswahili. Kijarida hiki kinaeleza mahali matibabu hayo yanapopatikana, nani anayestahiki, yanavyoendeshwa, na mambo ambayo familia huyahofia kabla ya kupiga simu. Kinahusu England peke yake. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.

Kutofahamu huko kuna gharama yake. Familia inapogundua kwamba kijana wa nyumbani anatumia heroini, au kwamba mume hawezi kuianza siku bila pombe, jambo la kwanza huwa ni kuficha. La pili ni kutafuta msaada kwenye intaneti usiku, watu wamelala. Tovuti zinazojitokeza mwanzo mara nyingi ni za zahanati za watu binafsi, au za mawakala wanaolipwa kamisheni kwa kila mgonjwa wanayempeleka. Sauti inayopokea simu huwa ya upole, na nafasi huwa ipo kesho yake. Bei nayo huwa ni maelfu ya pauni kwa wiki chache. Hapo ndipo zamu ya upatu inapoombwa kabla ya wakati, ndugu walio Muscat na Toronto wanapopigiwa simu, na kiwanja cha Kigamboni au Kisauni kinapotafutiwa mnunuzi. Zahanati hizo si za udanganyifu zote, na zipo zinazotibu vizuri. Lakini dawa kuu zinazotumika humo ni zilezile zinazotolewa na huduma ya umma, na inafaa familia ilijue hilo kabla ya kutia saini.

Mlango ulipo

Wengi huutafuta mlango hospitalini, wakaukosa. Tangu Aprili 2013, jukumu la huduma za uraibu England liko mikononi mwa halmashauri za miji na wilaya, ambazo watu wengi huziita kaunsili. Halmashauri hupokea fedha za afya ya jamii kutoka serikalini, kisha huingia mkataba na taasisi ya NHS au na shirika la hisani, kama vile Turning Point au Change Grow Live, ili liendeshe huduma katika eneo lake. Kwa sababu hiyo jina lililoandikwa mlangoni hubadilika kutoka mji hadi mji, na mkataba ukibadilika, jina nalo hubadilika. Mtu anaweza kupita mbele ya jengo hilo kila siku akienda kazini, asijue kwamba ndani yake mna daktari, muuguzi na mshauri wanaomsubiri mgonjwa kama ndugu yake.

Njia fupi ya kulipata jina la sasa ni kuingia kwenye tovuti ya NHS au ya FRANK na kuandika postikodi ya nyumbani. FRANK ni huduma ya serikali ya taarifa za dawa za kulevya, na simu yake ni 0300 123 6600. Kwa pombe ipo Drinkline, 0300 123 1110. Asiyependa simu wala tovuti anaweza kumuuliza mfamasia wa duka la dawa la mtaani. Mfamasia huyo aghalabu huwapa watu methadoni kila siku, na anaijua huduma ya eneo hilo kuliko karibu kila mtu mwingine mtaani.

Jina likishapatikana, mgonjwa hupiga simu, hujaza fomu kwenye tovuti, au hufika mwenyewe. Hahitaji kupitia kwa daktari wa familia, yule anayejulikana na wengi kwa herufi GP, ingawa GP naye anaweza kumwandikia. Familia inaweza kupiga simu kuomba ushauri, ila matibabu ya mtu mzima hayaanzi bila ridhaa yake mwenyewe. Mtu aliyeletwa kwa kushikwa mkono na wajomba zake watatu ataulizwa faraghani kama kweli anataka kuwepo. Walio chini ya miaka 18 wana huduma zao tofauti, nazo ni bure vilevile.

Wanaostahiki, na wanaopaswa kuuliza kwanza

Mtu anayeishi nchini kwa uraia au kwa kibali cha kudumu hatozwi. Mkimbizi aliyekubaliwa hatozwi, wala anayesubiri uamuzi wa ombi lake la hifadhi. Mwenye viza ya muda mrefu aliyelipa ada ya afya pamoja na ombi lake la viza amekwisha kulipa, naye hatozwi tena.

Hali ya asiye na kibali ni ngumu zaidi, na haifai kufichwa. Kumwona GP ni bure kwa kila mtu aliyeko nchini, na mapokezi hayapaswi kumkataa anayetaka kujiandikisha kwa sababu hana kitambulisho, hana uthibitisho wa anwani, au hawezi kueleza hali yake ya uhamiaji. Matibabu yanayotolewa ndani ya idara ya dharura ya hospitali ni bure kwa wote. Kupimwa na kutibiwa VVU, kifua kikuu na homa ya ini ya virusi pia ni bure kwa wote. Lakini huduma nyinginezo, ya uraibu ikiwemo, zinaweza kudai malipo kwa asiye na kibali, na deni la NHS la pauni 500 au zaidi lisilolipwa linaweza kuathiri ombi la uhamiaji la baadaye. Busara ni kuuliza kabla ya kuanza, hata kwa simu isiyotaja jina, na kuomba jibu kwa maandishi. Shirika la Doctors of the World lina kliniki London isiyotoza wala kuuliza hati, na husaidia watu wa hali hii kujiandikisha kwa GP. Hata hivyo, tiba ya haraka isiyoweza kungoja haipaswi kucheleweshwa kwa sababu ya malipo, awe mgonjwa nani.

Miadi na ushauri havilipiwi. Dawa zinazochukuliwa duka la dawa ndizo huweza kuwa na ada, ambayo tangu Mei 2024 ni pauni 9.90 kwa kila dawa iliyoandikwa. Wengi wameondolewa ada hiyo bila ya wao kujua: mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, mjamzito aliyechukua cheti chake, na baadhi ya wanaopokea Universal Credit wenye kipato kidogo. Mwenye kipato kidogo asiyeingia katika makundi hayo anaweza kujaza fomu iitwayo HC1. Akikubaliwa kwa ukamilifu hupewa cheti cha HC2, ambacho humwondolea ada ya dawa. Anayesubiri hifadhi na kupewa msaada wa serikali hupatiwa cheti hicho. Mfanyakazi wa huduma ya uraibu amezoea kuijaza fomu hiyo pamoja na mgonjwa, na haoni ajabu kuombwa.

Simu ya kwanza na mkalimani

Kiingereza si sharti. Mkalimani hutolewa bila malipo, na huombwa tangu simu ya kwanza kwa kutamka maneno mawili tu: "Swahili interpreter". Mtoto wa shule hapaswi kuwafasiria wazazi wake mambo haya. Huduma yenyewe isingetaka hivyo, kwa sababu mtoto huficha, hupunguza makali, au hubeba kifuani yasiyomhusu.

Kuna hofu moja ya kweli ambayo wafanyakazi wa kizungu hawaielewi mara moja. Wazungumzaji wa Kiswahili katika mji mmoja wa England wanaweza kuwa wachache kiasi kwamba mkalimani atakayeingia mlangoni ndiye aliyewapikia watu pilau kwenye harusi Jumamosi iliyopita. Mkalimani ana wajibu wa kutunza siri, lakini mgonjwa halazimiki kukaa mbele ya mtu anayemfahamu. Ana haki ya kuomba mkalimani wa simu kutoka mji mwingine, kuomba jina lake lisitajwe kwa mkalimani, na kuomba mwanamke au mwanamume. Vilevile afadhali aseme ni Kiswahili cha wapi. Mtu wa Bukavu au Lubumbashi akipewa mkalimani wa Unguja wataelewana katika mengi, ila wanaweza kupishana katika maneno ya mwili na ya dawa, ambako ndiko kusikotakiwa kosa.

Katika miadi ya kwanza, mgonjwa huulizwa anatumia nini, kiasi gani, kwa njia gani, tangu lini, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Huulizwa kuhusu usingizi, maradhi mengine, makazi, kazi, na watoto wanaoishi nyumbani. Anaweza kuombwa mkojo au mate ya kupimwa. Maswali ya kiasi si ya kumhukumu, kwani daktari hukadiria kipimo cha dawa kutokana na majibu hayo. Anayepunguza kwa aibu huishia na kipimo kisichomtosha, na anayezidisha anaweza kupewa kipimo cha hatari. Watu wengi huanza matibabu ndani ya wiki 3 tangu kuomba.

Matibabu yasiyo ya kulala

Wengi waliotoka Zanzibar na Tanzania bara wanazijua nyumba za upataji nafuu, ambako mraibu hukaa miezi kadhaa na wenzake mbali na mtaa. Kwa hiyo familia ikifika katika huduma ya England huuliza: atalazwa lini? Ikijibiwa kwamba atalala nyumbani kwake, huona imenyimwa matibabu. Haikunyimwa. Nchini England sehemu kubwa ya watu hutibiwa wakiwa majumbani mwao.

Kwa heroini na dawa za jamii yake, tiba ni methadoni au buprenofini pamoja na ushauri nasaha. Methadoni huanza kwa kipimo kidogo na kupandishwa taratibu. Buprenofini huanza pale tu arosto ilipokwisha kuingia; ikichukuliwa mapema huileta arosto kwa ghafla na kwa ukali, na ndiyo sababu ya muuguzi kusisitiza saa. Mwanzoni mgonjwa hunywa dawa yake kila siku mbele ya mfamasia, na baadaye hupewa ya kwenda nayo nyumbani. Kwa anayeona haya kusimama kila asubuhi katika duka la dawa la mtaa wa kwao, ipo sindano ya buprenofini ya wiki moja au ya mwezi mmoja. Haitolewi kwa wepesi uleule katika kila eneo, lakini inafaa kuulizwa kwa jina. Lawama ya kawaida katika familia ni kwamba methadoni ni kubadilisha unga kwa unga. Tofauti iko katika maisha ya kila siku: anayekunywa kipimo sahihi halewi, hahangaiki kutafuta pesa ya kete, hatumii sindano ya mwenzake, na anaweza kwenda kazini. Wengine huihitaji kwa miezi, wengine kwa miaka, na kuiacha kwa pupa ili kuwaridhisha wazazi ni njia inayowarudisha wengi kwenye heroini.

Miraa, bangi na kokeni hazina dawa mbadala ya namna hiyo, na tiba yake ni mazungumzo yaliyopangwa. Miraa ilipigwa marufuku Uingereza tarehe 24 Juni 2014, na tangu hapo baadhi ya watumiaji huogopa hata kuitaja mbele ya daktari. Kuitaja katika matibabu hakumfanyi mtu ashitakiwe.

Nyumba za kulala zipo, ila ni chache na si hatua ya kwanza. Anayezihitaji hupitia kwa huduma hiyohiyo ya eneo, ambayo huomba halmashauri igharimie. Huenda akangoja, na huenda akatakiwa kuchangia kulingana na kipato chake. Kulazwa kwa siku chache ili kuacha pombe salama ni jambo jingine, na hupangwa na daktari kwa wanaohitaji.

Kuacha ghafla, na hatari ya mwezi mtukufu

Katika sehemu hii yako mambo mawili yanayoweza kuua.

La kwanza ni pombe. Mtu anayekunywa sana kila siku, ambaye mikono yake hutetemeka asubuhi mpaka apate glasi ya kwanza, hapaswi kuacha kwa siku moja bila daktari. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kutoa jasho na kutikisika, ukapata degedege, mtu akaona visivyokuwepo, na akafa. Dalili huanza saa chache baada ya glasi ya mwisho, na degedege mara nyingi hutokea ndani ya siku 2 za mwanzo. Familia zinazomfungia mgonjwa chumbani, au zinazompeleka katika mfungo na maombi ya siku tatu huku zikimwaga chupa zote, hufanya hivyo kwa mapenzi, na zinaweza kumzika. Hadi atakapoonwa, asalie na kiasi chake na akipunguze polepole. Ushauri huu hupokewa kwa mshangao katika nyumba isiyoruhusu pombe kabisa, lakini ndio ushauri wa tiba. Degedege, kuchanganyikiwa au kuona visivyokuwepo ni dharura ya 999. Tahadhari hiyohiyo inahusu vidonge vya usingizi na vya kutuliza wasiwasi kama diazepam vilivyotumiwa kwa muda mrefu.

La pili ni heroini, na hatari yake iko kinyume: haiko sana katika kuacha bali katika kurudia. Arosto inatesa, lakini kwa mtu mzima mwenye afya ni nadra kuua. Kinachoua ni mwili kusahau kipimo ulichokizoea. Siku chache tu za kutotumia hutosha. Kwa hiyo wanaotoka gerezani, wanaotoka katika nyumba ya upataji nafuu na wanaorudi kutoka safari ndefu wamo hatarini zaidi wiki ya kwanza. Kwa Waislamu kuna kipindi kingine kisichotajwa katika vijarida vya Kiingereza. Kijana huitumia vunjajungu kama buriani yake kwa unga, hufunga Ramadhani nzima akiwa safi, familia ikafurahi. Kisha sikukuu ya Idi, pamoja na marafiki wa zamani, hurudia kipimo cha mwezi uliopita. Kipimo hicho sasa kinaweza kumsimamishia pumzi.

Aliyeko kwenye methadoni au buprenofini asiiache dawa ili afunge. Amweleze mfanyakazi wake wiki chache kabla ya mwezi kuandama, ili saa ya dawa isogezwe hadi baada ya futari au kabla ya daku. Penye duka la dawa linalofungwa mapema, daktari anaweza kufikiria dawa ya kwenda nayo nyumbani, au sindano ya mwezi. Suala la mgonjwa huyu kufunga au kutofunga lina majibu kwa wanavyuoni, na imamu anayeelezwa ukweli wote wa ugonjwa hujibu vizuri zaidi kuliko aliyeambiwa nusu.

Naloksoni ni dawa inayoweza kumrejeshea pumzi aliyezidisha heroini au dawa za jamii yake. Huduma ya uraibu huitoa bure, bila cheti cha daktari, kwa mtumiaji na hata kwa mama, mke au ndugu anayeishi naye, pamoja na mafunzo mafupi. Ipo ya kupuliza puani na ipo ya sindano. Mtu asiyeamka, anayekoroma kwa namna isiyo ya kawaida au aliyegeuka rangi midomo apewe naloksoni, na 999 ipigwe papo hapo, kwa sababu nguvu ya naloksoni inaweza kwisha kabla ya heroini kwisha mwilini. Kuwa na kisanduku hicho kabatini si kumruhusu mtu kutumia, kama vile kuwa na kizimamoto jikoni si kuomba moto.

Siri, watoto na leseni ya udereva

Matibabu ni siri. Mwajiri haambiwi, msikiti na kanisa haviambiwi, wala wazazi wa mtu mzima hawaambiwi bila ridhaa yake. Kuomba msaada si kosa la jinai, na huduma haipeleki jina la mgonjwa polisi kwa sababu tu ametumia dawa zilizokatazwa.

Siri hiyo ina mipaka, na mfanyakazi mzuri huieleza siku ya kwanza. Akiona kwamba mtoto yuko katika hatari kubwa, au maisha ya mtu yamo hatarini, analazimika kuwaarifu wanaohusika. Kina mama wengi hukaa mbali na matibabu kwa kuamini kwamba watanyang'anywa watoto siku watakayotaja pombe. Kuwa katika matibabu peke yake si sababu ya kumwondoa mtoto nyumbani, na kwa kawaida mzazi anayetibiwa huonekana kuwa amechukua hatua ya kumlinda mwanawe. Dawa za nyumbani, hasa methadoni, zifungiwe kwenye kisanduku chenye kufuli. Mnywo mmoja wa mtu mzima unaweza kumuua mtoto.

Leseni ya udereva inahitaji kusemwa waziwazi, maana nyumba nyingi zinaishi kwa teksi na kwa kupeleka vifurushi. Sheria inamtaka mwenye uraibu wa pombe au dawa za kulevya aiarifu DVLA, na asiyearifu anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Leseni inaweza kusimamishwa kwa muda. Hilo ni pigo kwa kipato, na hakuna njia ya kulipamba. Mgonjwa aulize katika miadi ya mwanzo sheria inamgusa vipi, ili familia ipange matumizi yake mapema badala ya kushtukizwa na barua.

Kumrudisha nyumbani

Katika vikao vya familia, pendekezo la kumpeleka kijana Mombasa, Tanga au Unguja halikosekani: atakaa na babu, atakuwa mbali na marafiki wabaya, atasoma dini, atarudi mtu. Kuna waliopona hivyo. Lakini mwambao wa Afrika Mashariki umo katika njia ya heroini itokayo Asia, na anayepelekwa huko akiikimbia anaweza kuikuta karibu na baraza ya babu, kwa bei iliyo chini ya ile ya London. Akitua akiwa amekaa wiki bila kutumia, hatari ya kipimo kilichosahaulika iliyoelezwa hapo juu inasafiri naye.

Matibabu ya kitaalamu yapo huko pia. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na kliniki za namna hiyo zipo Zanzibar, Mombasa na Malindi. Kama safari haina budi, huduma ya England iombwe barua inayotaja dawa na kipimo wiki kadhaa kabla, na kliniki ya huko iulizwe kama itampokea. Nchi za Ghuba ni kali mno juu ya dawa hizi, kwa hiyo anayepitia Dubai au Doha aulize ubalozi husika kwanza, hata kama atabadilisha ndege tu. Hali ya kibali nayo iangaliwe: mwenye kibali cha kudumu cha kawaida akikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo hukipoteza, na mkimbizi anayerudi katika nchi aliyoikimbia huhatarisha hadhi yake.

Kubeti, na msaada kwa jamaa

Kubeti kwa simu kumeingia katika nyumba ambazo haziguswi na pombe wala unga, na kunaweza kumaliza kodi ya nyumba kwa usiku mmoja. NHS ina kliniki za uraibu wa kamari, na simu ya taifa ya kamari, 0808 8020 133, ni bure saa zote. GAMSTOP ni huduma ya bure ya kujifungia nje ya tovuti zote za kamari zenye leseni ya Uingereza.

Vikundi vya wenye uraibu wenyewe havitozi chochote na havihitaji miadi: Alcoholics Anonymous, 0800 9177 650, na Narcotics Anonymous, 0300 999 1212. Mikutano yao huwa ya Kiingereza, na baadhi hufanyika kwa intaneti, jambo linalowafaa wasiotaka kuonekana wakiingia jengo fulani mtaani kwao.

Mgonjwa akikataa katakata, familia bado ina mahali pa kwenda. Huduma nyingi za halmashauri huwapa jamaa miadi yao wenyewe, hata kama mwenye uraibu hajawahi kufika, na Al-Anon, 0800 0086 811, ni kwa ajili ya walio karibu na mnywaji. Huko mke anaweza kuuliza mambo asiyoweza kuyauliza kikaoni: kama alipe deni la mume kwa mara ya tano, kama amfungulie mlango saa tisa usiku, na aseme nini kwa watoto asubuhi. Miadi hiyo nayo hutolewa na mkalimani, na simu ni ileile ya huduma ya eneo.